Kanisa la Mtaani: Miaka 50 ya Jumuiya Ndogo Ndogo

Julai 1976, maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki walikutana Nairobi wakatoa uamuzi ambao mwaamini wa Mbagala, Kisumu au Chipata leo hauoni tena kuwa ni uamuzi, kwa sababu amezaliwa akaukuta. Waliamua kwamba kujenga jumuiya ndogo ndogo za Kikristo ndiyo iwe kazi ya kwanza ya kichungaji katika nchi zao zote. Familia chache zinazoishi jirani zikutane nyumbani kwa zamu, zisome Neno la Mungu, zisali, zijuliane hali, zisaidiane. Mwaka 2026 uamuzi huo unatimiza miaka 50. Mimi niliyepelekwa jumuiya tangu nikibebwa mgongoni naona ni haki historia hii isimuliwe kwa kuanzia kwa watu wenyewe, kabla ya kufika kwenye meza ya maaskofu. Maana watu walitangulia.

Novemba 1882, Wamisionari wa Afrika, wale waliojulikana kama Mapadre Weupe, walifungasha vitu vyao wakaondoka Buganda, wakavuka ziwa kwenda kusini, upande wa Mwanza. Hali ya ikulu ya Kabaka Mutesa ilikuwa imewatia hofu. Waliacha nyuma kikundi kidogo cha waliobatizwa na wengine wengi waliokuwa wanajifunza dini. Kwa miaka karibu mitatu hapakuwa na padre, hapakuwa na Misa, hapakuwa na maungamo. Mapadre waliporudi Julai 1885 walikuta Wakristo wameongezeka. Yosefu Mukasa Balikuddembe alikuwa amekusanya vijana wa ikulu, Andrea Kaggwa aliwafundisha watu nyumbani kwake, na kule Mityana, Matia Mulumba na wenzake, akina Luka Banabakintu na Noe Mawaggali, walikuwa na kundi lao lililokutana kusali na kuwatazama wagonjwa. Mwaka uleule mapadre waliporudi, mateso yakaanza, na Juni 3, 1886 ikafika siku ya Namugongo, Wakristo walipouawa kwa imani yao. Tunawakumbuka hao kwa kifo chao, na ni haki. Lakini tangu Papa Paulo VI alipowatangaza watakatifu Oktoba 18, 1964, nadhani tumesema kidogo mno kuhusu ile miaka mitatu ya nyuma, walipokuwa walei wanaolishika Kanisa sebuleni mwao.

Jambo hilo lilijirudia. Vita Kuu ya Kwanza ilipomalizika kwa Wajerumani kushindwa Tanganyika, wamisionari wa Kijerumani, wakiwemo Wabenediktini wa kusini, Peramiho na Ndanda, walikamatwa na kuondolewa nchini. Parokia zilibaki mikononi mwa makatekista. Hawa walikuwa watu wa kijiji, wenye jembe na familia, waliojua sala, katekisimu na nyimbo kwa moyo. Walibatiza waliokuwa kufani, walizika wafu, walifundisha watoto, waliandika majina. Mzee yeyote aliyekulia kigangoni atakuambia kwamba padre alikuwa mgeni wa mwezi au wa miezi, na katekista ndiye aliyekuwa mwenyeji. Hali hiyo haijaisha. Parokia nyingi za vijijini bado zina vigango kadhaa vilivyotawanyika, barabara mbaya na padre mmoja au wawili wenye pikipiki. Jumapili nyingi kigangoni ni Ibada ya Neno. Kwa hiyo swali la namna Wakristo wanavyoishi imani yao kati ya ziara moja ya padre na nyingine lilikuwa swali la maisha ya watu muda mrefu kabla halijawa mada ya mkutano.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano ndio uliolipa swali hilo nafasi. Desemba 1963 ulifungua mlango wa lugha za wenyeji katika Liturujia, na katika miaka iliyofuata watu waliokuwa wakisali rozari kimyakimya wakati padre anasema Kilatini walianza kusikia masomo na kujibu kwa Kiswahili. Ukishamsomea mtu Injili kwa lugha anayoipikia na kuigombania bei sokoni, ataanza kuwa na neno la kusema juu yake. Mtaguso ulisisitiza pia kwamba Kanisa ni watu wa Mungu, na kwamba familia yenyewe ni kanisa la nyumbani. Maaskofu wetu walikuwa wameshaanza kushirikiana: Julai 1961 walikutana Dar es Salaam kutoka Kenya, Malawi, Tanganyika, Uganda na Zambia, wakaunda chombo ambacho mwaka 1964 kilichukua jina la AMECEA. Mwaka 1967 wakafungua Gaba, Kampala, taasisi ya mafunzo ya kichungaji iliyohamia Eldoret mwaka 1976.

Majaribio yalianza sehemu mbalimbali bila kusubiriana. Kaskazini mwa Mara, katika Parokia ya Nyarombo, Jimbo la Musoma, mwaka 1966 Wakatoliki Wajaluo walianza kupangwa katika vikundi vidogo. Kabla ya hapo utafiti ulikuwa umefanywa juu ya makanisa huru ya eneo lile, na ulichoonyesha kilikuwa wazi: watu walivutwa na makundi ambamo kila mmoja anajulikana, anaimba, anaombewa akiugua, na akikosekana anaulizwa yuko wapi. Kongo nako, tangu mwaka 1961 maaskofu walikuwa wameshaielekeza kazi yao kwenye jumuiya hai za Kikristo. Rais Mobutu alipopiga marufuku majina ya Kikristo mwaka 1972 na kuzibana jumuiya za vijana wa Kanisa, imani ilikuwa na mahali pengine pa kukaa, nyumba kwa nyumba. Kinshasa, Kardinali Joseph Malula alifika mbali zaidi: alikabidhi uongozi wa parokia kwa walei walioitwa bakambi. Waamini wa Bukavu na Goma wanaosali kwa Kiswahili huiita jumuiya yao shirika, na ukikaa nao unaona ni kitu kilekile kwa mpangilio wao.

Kwa upande wa Tanzania, jina lisiloweza kurukwa ni la Askofu Christopher Mwoleka wa Rulenge. Alipewa jimbo mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha lililotangaza ujamaa, katika pembe ya kaskazini-magharibi inayopakana na Rwanda na Burundi. Mapadre wengi wa wakati ule waliutazama ujamaa kwa mashaka, wakiogopa ukomunisti. Mwoleka alihamia kijijini Nyabihanga, akawa mwanakijiji wa kijiji cha ujamaa, akalima na wenzake. Hoja yake ilikuwa ya kitaalimungu kabisa: Utatu Mtakatifu, alisema, hatukupewa tuuchambue vichwani, tumepewa tuuishi, Nafsi tatu zinazoshirikishana kila kitu. Kwake jumuiya ilikuwa mahali pa kujifunza kushirikishana, hata mali, hata jembe, hata chakula cha leo. Majirani zake wengi hawakuweza kumfuata hadi mwisho, na kusema kweli ni wachache sisi tunaoweza. Lakini yeye alianza na yake mwenyewe.

Nchi yenyewe ilikuwa imeandaa udongo. TANU, chama tawala, ilishawazoesha watu mashina ya nyumba kumi, kila shina na balozi wake anayejua nani amehamia, nani amefiwa, nani ana ugomvi na nani. Jumuiya ilijipanga juu ya ramani hiyohiyo ya ujirani. Ndiyo maana haikuwa kwaya wala chama cha kitume: mwanachama hachagui wenzake. Ukihamia mtaa, jumuiya yako ni ile iliyopo, yenye mwalimu mstaafu, fundi magari, mjane anayeuza maandazi, karani wa benki na yule bwana mliyegombania mpaka wa kiwanja. Mimi naamini nguvu yote ya jumuiya imo humo.

Desemba 1973 maaskofu wa AMECEA walikaa Nairobi kulipangia Kanisa miaka ya themanini. Mwenyekiti wao katika kipindi hicho alikuwa Askofu James Odongo wa Tororo, Uganda. Walijiuliza Kanisa la Afrika Mashariki litakuwaje wamisionari na fedha za Ulaya zikipungua, wakajibu kwamba lazima lijihudumie, lijieneze na lijitegemee. Walikubaliana kwamba maisha ya Kanisa lazima yasimame juu ya jumuiya zilizo ndogo kiasi cha watu kujuana, mahali wanapoishi na kufanya kazi kila siku. Miaka miwili baadaye Papa Paulo VI, katika waraka wake Evangelii Nuntiandi, alizitaja jumuiya ndogo kuwa tumaini la Kanisa la ulimwengu zikibaki ndani ya ushirika wake. Mkutano wa Julai 1976 ukaja kulifanya jambo hilo kuwa kipaumbele cha wote.

Si kila serikali ililipokea vizuri. Malawi, Askofu Patrick Kalilombe wa Lilongwe alikuwa ameendesha sinodi ndogo ya jimbo lake na kuanza kuzipanda jumuiya vijijini. Utawala wa Kamuzu Banda ulikuwa na tawi lake la chama kila kona, na watu waliokuwa wakikutana nyumbani bila ruhusa ya chama walionekana kuwa hatari. Mwaka huohuo wa 1976 Kalilombe alilazimika kuiacha nchi yake. Mtaalimungu huyo, mmoja wa waliozifikiria jumuiya kwa kina kuliko wengi, aliishia kufundisha Uingereza kwa miaka mingi. Mwaka 1979 maaskofu wa AMECEA waliichagua Zomba, Malawi, kuwa mahali pa kukutana na kuutathmini mpango wao, na jambo walilolisisitiza ni kwamba jumuiya zisiwe vikundi vya sala tu. Ziguse maisha ya watu. Machi 8, 1992, waraka wa Kwaresima wa maaskofu wa Malawi ukisomwa makanisani na kuusema wazi udhalimu wa utawala, watu walikuwa wameshazoea kulisikia Neno pamoja na maisha yao yakitajwa ndani yake.

Basi ikawa jumuiya, na wiki ya parokia ikajipanga kuizunguka. Kwaya hufanya mazoezi jioni za katikati ya wiki. Ijumaa za Kwaresima ni Njia ya Msalaba. Mei na Oktoba rozari huzunguka nyumba kwa nyumba, na sanamu ya Mama Maria hulala kila siku kwa familia nyingine, ikipokelewa kwa nyimbo na khanga zilizotandikwa njiani. Jumamosi ni usafi wa kanisa, na jumuiya yenye zamu hufika na ndoo, mafagio na maua. Jumapili hiyohiyo ndiyo itakayotoa wasomaji na kupeleka matoleo altareni. Kenya jumuiya nyingi hukutana Jumapili baada ya Misa au jioni ya siku ya kazi, na wakati wa Kwaresima hufuata kijitabu cha kampeni ya maaskofu, chenye mada na picha ya kila wiki, kwa hatua tatu za kuona, kuamua na kutenda. Dar es Salaam ni Jumamosi alfajiri, kabla watu hawajatawanyika kwenda kwenye riziki zao.

Saa 12:30 asubuhi, mwanga ndio unaingia. Sofa zimesukumwa ukutani, mkeka umetandikwa, viti vya plastiki vimeazimwa kwa jirani Mwislamu ambaye hajawahi kukataa. Juu ya stuli kuna kitambaa cheupe, msalaba, mshumaa na Biblia. Anayeingia anasema Tumsifu Yesu Kristo, waliokaa wanaitikia Milele na milele, Amina, na wanasogea apate pa kukaa. Wimbo unaanzishwa na mwenye sauti, si lazima awe mwenye sauti nzuri. Kisha zinaanza hatua saba, njia ya kushirikishana Injili iliyotengenezwa katika taasisi ya Lumko, Afrika Kusini, na mapadre Oswald Hirmer na Fritz Lobinger, ambao baadaye wote wawili walikuwa maaskofu. Mmoja anamkaribisha Bwana kwa maneno yake mwenyewe. Injili ya Jumapili inayofuata inasomwa. Kila mmoja anachagua neno au sentensi iliyomgusa na kuitamka polepole, mara tatu, wengine wakinyamaza. Halafu kimya cha dakika kadhaa. Halafu kushirikishana.

Nakumbuka Jumamosi moja ilipokuwa zamu ya Injili ya wavuvi waliokesha bila kupata kitu. Kulikuwa na mama anayeamka usiku kwenda Feri kununua samaki wa kuuza mtaani. Alisema yeye akisoma habari hiyo hawazi muujiza kwanza. Anawaza zile nyavu walizokuwa wakiziosha. Mtu anayeosha nyavu baada ya usiku mtupu, alisema, amekusudia kurudi kesho. Padre wetu, aliyekuwa ameitembelea jumuiya siku hiyo, aliandika maneno hayo kwenye kijitabu chake, na Jumapili tuliyasikia katika mahubiri. Mama yule hakuwa na shahada ya taalimungu na katika Misa ya watu elfu asingepewa nafasi ya kusema. Kwenye mkeka alipewa.

Hatua ya sita ndiyo inayotenganisha jumuiya na kikundi cha sala, na ndiyo inayorukwa haraka kuliko zote: tunatakiwa kufanya nini wiki hii? Hapo mtu lazima atajwe na kazi lazima ipangwe. Mzee wa nyumba ya tatu amerudi kutoka Muhimbili, nani ampelekee uji Jumanne? Binti wa fulani hajaenda shule kwa kukosa sare. Kuna familia mbili hazisalimiani tangu Pasaka. Mweka hazina anafungua bahasha, anahesabu sadaka mbele ya watu, anataja kiasi. Katibu anaandika yote kwenye kaunta buku. Baba mwenye nyumba anakaribisha chai na mihogo, na saa 1:30 watu wako njiani.

Anayetaka kujua jumuiya ni nini aitazame kwenye msiba. Taarifa inafika usiku kwa simu ya katibu, na kabla ya asubuhi turubai limefungwa, viti vimefika, masufuria makubwa yametolewa kwa mwenyekiti, wanawake wamefunga khanga viunoni na moto umewashwa. Kuna daftari la rambirambi, na majina yanaandikwa yote, la aliyetoa noti kubwa na la aliyetoa sarafu. Kuna mtu wa kukaa na mfiwa asiachwe peke yake, mtu wa kuwahi parokiani kupanga Misa ya mazishi, mtu wa kuwapokea ndugu wanaotoka mkoani usiku. Mfiwa mgeni mjini, asiye na ukoo karibu, ndiye anayelijua hili kuliko wote. Jiji kama Dar es Salaam limejaa watu waliotoka Songea, Bukoba, Rombo na Sumbawanga, na wengi wao jumuiya ndiyo ukoo walioupata huku.

Hilo lilipimwa vikali wakati wa UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata nyumba nyingi za mkoa ule zilibaki na bibi na wajukuu. Watu waliogopa hata kushika kikombe cha mgonjwa. Katika jumuiya walikuwepo waliokwenda kumwogesha, kumbadilishia shuka, kumletea Ekaristi pamoja na padre na kumchimbia kaburi. Sitadai kwamba jumuiya zote zilifanya hivyo. Zilikuwepo zilizonong'ona na kujitenga. Jimbo Kuu la Dar es Salaam lilianzisha PASADA, huduma kwa wenye UKIMWI, mwaka 1992, na huduma za namna hiyo zinazofika majumbani hutegemea watu wa mtaani wanaojua mlango upi mtu ameacha kutoka. Sinodi ya Afrika ilipokutana Roma Aprili na Mei 1994 na kuliona Kanisa kuwa Familia ya Mungu, maneno hayo kwa watu wa kwetu yalikuwa na harufu ya dawa na uji. Yohane Paulo II aliyatia katika waraka wake Ecclesia in Africa, alioutia saini Yaoundé Septemba 14, 1995, akazitaja jumuiya hai kuwa mahali pa kuijenga familia hiyo.

Lakini sinodi ileile ilikaa Roma wakati Rwanda inachinjwa. Huu ni ukweli ambao historia yoyote ya jumuiya zetu haina haki ya kuupita. Rwanda ilikuwa nchi ya Wakatoliki wengi, yenye jumuiya zilizopangwa vizuri kila kilima, na wapo waliosali pamoja Jumapili na kuuana Alhamisi. Ujirani peke yake haumfanyi mtu kuwa ndugu. Baada ya hapo, kuanzia mwaka 1998, Kanisa la Rwanda liliendesha kile walichokiita gacaca ya Kikristo: waamini wakikaa katika jumuiya zao kusema waliyoyatenda na waliyotendewa, kuomba na kutoa msamaha, au kushindwa kuutoa na kusema hivyo. Kenya nako ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliwakuta Wakristo wa parokia moja wakiwa pande mbili. Askofu Cornelius Korir wa Eldoret alifungua uwanja wa kanisa kuu lake kwa maelfu ya waliokimbia, kisha akatumia miaka kuwaketisha majirani waliochomeana nyumba, kwanza wazee wachache, halafu vijana, halafu kazi ya pamoja ya daraja au shule. Njia hiyo aliiandika katika kitabu alichokiita Amani Mashinani. Nimesikia watu wakisema jumuiya zilishindwa Rwanda na Eldoret, na ni kweli zilishindwa. Nasema pia kwamba upatanisho ulipotafutwa, haukupata mahali pengine pa kuanzia ila palepale mtaani.

Ni nani hasa aliyezibeba miaka yote hii? Ukisoma madaftari utaona mwenyekiti mara nyingi ni mwanamume. Ukihesabu waliokaa kwenye mkeka, ni wanawake. WAWATA, Wanawake Wakatoliki Tanzania, ilianzishwa mwaka 1972, ikaadhimisha miaka yake 50 Dar es Salaam Septemba 2022, na wanachama wake ndio haohao wanaopika kwenye msiba, wanaotembelea wodi, wanaofundisha watoto wa Utoto Mtakatifu, wanaogonga mlango wa familia iliyoacha kuja. Historia zinazoandikwa kwa ajili ya jubilei hupenda kuorodhesha maparoko kwa miaka yao. Ni vizuri. Paroko anakaa miaka mitano au kumi kisha anahamishwa; mama wa mtaa ule anakaa arobaini.

Leo makadirio ya wanaofuatilia jambo hili yanazungumzia zaidi ya jumuiya 180,000 katika nchi za AMECEA, na Tanzania inaongoza. Zimevuka bahari pamoja na watu wetu: Wakenya na Watanzania walioko Ulaya na Marekani hukutana kwa Kiswahili katika nyumba zao, wakati mwingine baada ya kusafiri saa nzima kwa gari. Kenya ilipofunga nyumba za ibada Machi 2020 kwa sababu ya korona, jumuiya nyingi zilihamia kwenye simu, na mabibi waliokuwa hawajui kupokea simu ya video walifundishwa na wajukuu wao ndani ya wiki.

Pamoja na sifa hizo kuna mambo yananiuma, na kwa kuwa naipenda jumuiya nitayasema. La kwanza ni fedha. Kujitegemea ni fundisho jema, na Kanisa lisilotegemea wafadhili lina heshima yake. Lakini zipo jumuiya ambazo Injili huchukua dakika kumi na michango dakika arobaini: zaka, ujenzi, kutegemeza jimbo, kutegemeza seminari, zawadi ya padre anayehama, harusi ya mwanajumuiya. Maskini anayejua jina lake litasomwa mbele ya watu kuwa hajalipa huacha kuja, na anayeacha kuja ndiye yule jumuiya ilianzishwa kwa ajili yake. La pili ni barua. Mtoto abatizwe, vijana wafunge ndoa, marehemu azikwe kwa Misa, parokia nyingi hutaka barua ya jumuiya. Ni utaratibu wenye maana, kwa sababu jumuiya ndiyo inayomjua mtu. Ila nimeshuhudia familia inazungushwa, mwili uko mochwari, eti marehemu hakuwa akihudhuria. Wakati wa kumuuliza kwa nini hahudhurii ulikuwa pale alipokuwa hai na anaumwa.

La tatu ni vijana. Jumamosi saa 12:30 asubuhi ni saa ya mama wa soko na mstaafu. Kijana anayetoka zamu ya usiku kiwandani, anayeendesha bodaboda hadi saa saba, au anayesoma chuoni na kuhama chumba kila muhula, hana jumuiya inayomngoja. Vyuoni wanafunzi huunda jumuiya zao wenyewe na zina uhai mkubwa. Wakihitimu na kuhamia mtaani, wengi hupotelea hapo. Baadhi ya parokia zimeanza kuruhusu jumuiya za vijana zikutane Jumapili alasiri au Jumatano usiku. Wapo wanaolalamika kwamba hilo linagawa familia. Mimi naona ni heri familia igawanyike kwa saa mbili kuliko kijana akose pa kusema neno lililomgusa.

Katika mwaka huu wa jubilei liko jambo moja ambalo kila parokia inaweza kulifanya bila mchango wowote. Yale madaftari, zile kaunta buku zenye jalada gumu, zimetawanyika. Nyingine ziko kabatini kwa katibu aliyehama mkoa, nyingine zimefungiwa maandazi. Ndani yake kuna tarehe, nyumba, majina, wagonjwa waliotembelewa, shilingi zilizotolewa wakati shilingi ilikuwa na thamani, ugomvi uliosuluhishwa na uliokataa. Hakuna kumbukumbu nyingine ya maisha ya watu hao wa kawaida itakayopatikana popote. Waliokaa katika jumuiya za kwanza wakiwa vijana wa miaka 25 sasa wana miaka 75. Paroko atoe tangazo Jumapili tatu mfululizo, makatibu wa zamani walete madaftari ofisini yapigwe picha ukurasa kwa ukurasa na kurudishwa kwa anayetaka, na vijana wa VIWAWA, chama cha vijana Wakatoliki, wapewe kazi ya kwenda na simu zao kwa wazee, wawarekodi wakieleza nani aliitisha mkutano wa kwanza, nyumbani kwa nani, na walisoma Injili ipi.